Sauti ya Kabla ya Mbuzi

Hoteli ya Chai, karibu na Stesheni ya Reli,
Thika.
3 Machi 1958

Kwa Mtunza Sauti,
Kituo cha Redio, Ruiru.

Bwana,

Sikujui na wewe hunijui, kwa hivyo nitaanza na shida yangu, salamu zitafuata. Nimesikia kwa redio yenyewe kwamba huko Ruiru mna chumba cha kuwekea sauti zote mlizowahi kutangaza, na kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kuzitunza tu. Kama mtu huyo ni wewe, hongera. Mimi nimelea watoto watano na hakuna hata mmoja aliyepata kazi ya kukaa akitunza kelele.

Nauliza kuhusu hadithi za Mbuvi, yule mwanamume aliyetumwa sokoni kununua chumvi na mpaka leo hajafika nyumbani kwa sababu kila mlango anaoupita anaingia kula. Mtangazaji wenu Kitheka alizisimulia kila Jumamosi jioni mwaka jana. Hoteli yangu ilikuwa ikijaa mpaka watu wanakaa juu ya magunia ya makaa. Halafu mwaka mpya ulipoingia akaziacha ghafla, na tazama alipomwacha Mbuvi: chini ya kitanda cha mama mkwe wake! Aliingia gizani akinyeshewa, akidhani ni nyumba ya rafiki yake, akalala. Alfajiri akasikia mama mkwe anakohoa kitandani juu yake. Hapo ndipo mlipozima. Huo ni ustaarabu gani?

Naomba hadithi hizo zirudiwe, na kama kuna mwisho mmeuweka akiba, utolewe. Lakini nisikilize vizuri. Nataka sauti ya Kitheka iliyonaswa kabla ya Krismasi tu. Ya baada ya Krismasi siitaki hata kidogo. Usiniulize kwa nini.

Salamu sasa. Natumaini hujambo na hao wa nyumbani hawajambo.

Msikilizaji, mwenye hoteli.
(Jina ninalo, nimelihifadhi.)


Kituo cha Redio,
Ruiru.
7 Machi 1958

Mama mwenye jina lililohifadhiwa,

Mimi ndiye mtunza kelele. Naitwa Mburu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana tangu nianze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kuniandikia. Watu humwandikia mtangazaji. Hakuna anayejua kwamba mtangazaji akishaenda kulala, sauti yake inabaki na mimi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kahawa, na mvua ikinyesha kinanuka kahawa mpaka mtu anatamani kikombe. Rafu ya juu ni sahani za nyimbo. Ya katikati ni tepu za hotuba na hadithi. Ya chini ni vitu ambavyo hakuna anayejua ni nini, lakini tunaogopa kuvitupa. Nina kwaya ya watoto wa Murera walioimba ubeti mmoja na kukohoa beti tatu. Nina chifu akifundisha watu kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, halafu katikati anasahau kuwa mashine inanasa, anamfokea mkewe kuhusu maji ya kuoga. Tulienda Mugutha kunasa ngoma za wazee tukarudi na jogoo. Ngoma ziko kwa mbali nyuma ya jogoo.

Tepu za Mbuvi ninazo zote. Na nikupe siri: iko moja ambayo haijawahi kutangazwa. Juu ya boksi Kitheka ameandika kwa mkono wake, "Mbuvi, mwisho." Aliinasa peke yake wiki moja kabla ya Krismasi, siku niliyokuwa nimeomba ruhusa. Kisha akaniapisha nisiiguse. Nikimuuliza mbona haitoki hewani, ananijibu kwamba koo linamuuma. Koo hilo linauma Jumamosi jioni tu, maana habari anasoma kila siku na hata kuku wa jirani wanamsikia.

Lakini Mama, kuna jambo moja silielewi. Watu huomba wimbo au hadithi. Wewe unachagua sauti ya mtu mmoja kama anayechagua nyanya sokoni, ya kabla ya Krismasi ndiyo, ya baada ya Krismasi hapana. Sauti ya Kitheka haijabadilika, mimi ndiye ninayeipima kila siku. Nieleze sababu, nami nitaona la kufanya.

Wako,
Mburu.


Thika.
12 Machi 1958

Mburu,

Umetaka sababu. Basi kaa chini, maana si jambo la kusoma ukiwa umesimama.

Jina langu ni Ndinda. Mwaka jana Kitheka alikuja hapa hotelini kunywa chai. Mara tu alipofungua mdomo kuagiza nilimtambua kwa sauti. Nikamwongezea mandazi, tena makubwa. Nikamwita binti yangu Kanini atoke jikoni aje amwone mtu wa redio. Kanini akaja akamwona. Nilijiletea mwenyewe, sina wa kumlaumu. Siku ya pili baada ya Krismasi mbuzi wa Kitheka waliingia uwanjani kwangu na wazee wake nyuma yao, na tangu siku hiyo yeye ni mkwe wangu.

Wewe ni Mkikuyu, na wakwe zenu mnawaheshimu kwa njia yenu. Sisi Wakamba tuna nthoni. Mkwe na mama mkwe hawaonani, hawasemezani, wala hawakai chini ya paa moja. Nikimwona kwenye njia naingia kichakani upande huu, naye anaingia upande ule, tunasubiriana huko mpaka mmoja apite. Hatuchukiani. Ni heshima, na ikivunjwa aibu yake inawafuata hata watoto watakaozaliwa.

Sasa niambie wewe mwenye elimu ya sauti. Mkwe akiingia nyumbani kwako kila siku saa saba mchana, bila kubisha, kupitia kwa redio iliyo juu ya kabati lako, aseme, "Hamjambo nyote mlio mezani," utafanya nini? Mimi nakimbia. Nafunika kichwa kwa leso natokea mlango wa jikoni, nakaa nyuma kwenye kuni mpaka habari ziishe, na bei za mahindi ziishe, na matangazo ya mbwa waliopotea yaishe. Kuzima redio siwezi, wateja watahamia kwa jirani. Zamani walikuja kula. Siku hizi wanakuja kuniona nikitoka. Kuna dereva wa lori anaitwa Barasa, muziki wa habari ukipigwa tu, anaita kwa nguvu, "Mama, mkwe amefika! Kimbia, Mama, amefika!" Na wote wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Chapati zangu zinaungua kila siku.

Huko kwenye kuni nimepata nafasi ya kufikiri. Yule aliyezungumza kabla ya mbuzi hakuwa mkwe wangu. Alikuwa kijana wa watu tu. Sauti mliyoifungia kwenye boksi haina habari kwamba mbuzi walikuja. Kwa hivyo hiyo naweza kuisikiliza nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, miguu nimenyoosha, bila nthoni yoyote. Umeona sababu?

La pili, nalo libaki kwako. Harusi ni baada ya Pasaka. Nimemwambia Kanini kwamba bwana wake atafute kazi ya kimya kabla ya Pasaka, hata ya kupakia mkonge. Akikataa kuacha redio, mbuzi watarudi kwao na harusi hakuna. Siwezi kuzeekea kwenye kuni. Kanini alilia, na ameapa hatamwambia neno kama hilo. Mimi pia nililia, lakini nyuma ya nyumba. Ile sauti naipenda kuliko redio yenyewe, na ndiyo inayonifukuza nyumbani kwangu.

Ndinda.


Ruiru.
17 Machi 1958

Mama Ndinda,

Haiya! Nilidhani naandikiana na mpenda hadithi, kumbe ni shauri zima.

Sijamwambia Kitheka lolote. Nilimuuliza tu mlinzi wetu wa hapa, Mzee Kaleli, ambaye ni wa kwenu, bila kutaja jina. Akasema sauti iliyonaswa ni kama alama ya kiatu njiani: mwenye kiatu keshapita. Halafu akafikiri, akasema hata hivyo yeye akiona alama ya kiatu cha mama mkwe wake huwa anabadilisha njia. Hakunisaidia.

Lakini mimi naona unalosema lina akili. Nimeamua. Jumamosi hii tarehe ishirini na mbili, saa kumi na mbili jioni, nitaiweka tepu ya kwanza ya Mbuvi. Jumamosi inayofuata tepu ya chini ya kitanda, na mkesha wa Pasaka nitatoa ule mwisho, kiapo changu kinisamehe. Zote ni za kabla ya mbuzi. Nyoosha miguu, ita wateja, kaanga mandazi. Nimemwambia Kitheka kwamba ni wasikilizaji wameomba, naye akaguna tu.

Swali moja. Hiyo nthoni haina njia ya kuondolewa? Hata pasi yangu ya serikali ya kuniruhusu mimi Mkikuyu kutoka Ruiru, ambayo ni ngumu kuliko vitu vingi duniani siku hizi, kuna siku hupigwa muhuri.

Mburu.


Thika.
23 Machi 1958

Mburu mtunza kelele,

Usiniandikie tena kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho na kuona haya.

Jana niliita watu. Nilivaa leso mpya. Niliweka kiti changu mbele kabisa, chini ya redio, Barasa kulia na mwalimu wa kwaya kushoto, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Nikawatangazia, "Leo sikimbii, leo ni sauti ya zamani, Mburu wa Ruiru ameniahidi." Wakapiga makofi. Nikanyoosha miguu.

Saa kumi na mbili ikafika. Nikasikia nini? "Ndugu wasikilizaji, ni mimi Kitheka, mzima kabisa, nimesimama hapa hapa Ruiru wakati huu ninaposema nanyi. Kabla ya kusikiliza tepu, nawasalimu kwanza wote wa Thika, hasa wenye hoteli."

Hasa wenye hoteli!

Mburu, sikuwa na pa kupita. Watu walikuwa mlangoni, watu walikuwa jikoni. Niliingia chini ya meza. Mimi, mama wa watoto watano, mwanakamati wa akina mama wa kanisa, chini ya meza ya hoteli yangu na leso kichwani, magoti yangu yamegusana na magoti ya mwalimu wa kwaya, naye anasema, "Samahani, Mama," kama kwamba ni yeye aliyeingia. Barasa alicheka mpaka wakamtoa nje kumpepea. Nilitoka huko Mbuvi akiwa ameshakula nyumba ya tatu.

Najua utasema hukujua atasalimia. Wewe ndiye unayekaa na mitambo! Kwa nini hukumfunga mdomo?

Umeuliza kama nthoni huondolewa. Huondolewa. Mkwe huleta mbuzi wake peke yake na blanketi, wazee wakashuhudia, mama mkwe akampa chakula kwa mkono wake, basi imekwisha. Lakini hufanywa wajukuu wakiwa wamekua na mama mkwe hana meno. Mwanamke akiiondoa kabla hata ya harusi watu watauliza ana haraka gani ya kumwona kijana wa watu. Mimi ni mjane. Hayo maneno siyataki.

Sasa mwambie. Mwambie yote, mimi nimechoka na siri. Pasaka ikifika bado anasema kwa redio, mbuzi watarudi.

Ndinda.


Machakos.
25 Machi 1958

Ndugu yangu Mburu,

Barua yako nimeipata hapa Machakos, nikiwa na gari la kunasia nyimbo. Nimeisoma kando ya barabara, na tangu wakati huo dereva ananiuliza kama nimefiwa.

Hivi ni kweli? Kila siku saa saba nimekuwa nikiingia kwa yule mama? (Nisamehe, jina lake siwezi kuliandika, kalamu yenyewe inakataa.) Mimi nilijua kuna redio pale, lakini nilifikiri inafunguliwa jioni kwa ajili ya muziki. Jumamosi nilipowasalimu wenye hoteli nilikuwa namsalimu Kanini, maskini mimi, kwa ujanja. Kumbe namsukuma mamake chini ya meza.

Unasema anataka kujua kwa nini nilimwacha Mbuvi. Wewe pia umeuliza mara nyingi nami nikasingizia koo. Ukweli ni huu. Ule mwisho niliunasa nikiwa bado mtu huru. Ndani yake mama mkwe anaamka, anamkuta Mbuvi, anamcharaza kwa mwiko mpaka sokoni bila nguo, na kijiji kizima kinamcheka yule mama kuliko Mbuvi. Nilipokuwa nausimulia niliuona mzuri sana. Siku chache baadaye mbuzi wangu wakaenda Thika, na nilipotaka kuutoa hewani nikaona uso wa yule mama, akiniongezea mandazi. Nikaona aibu hata nikiwa peke yangu studio. Mtu mwenye mama mkwe hawezi kusimulia vile. Na mwisho mwingine sikuupata, kwa sababu kila nikiwaza chumba kile nafunga macho. Hiyo ndiyo iliyoniziba mdomo.

Fanya mambo mawili kwa ajili yangu. La kwanza, futa tepu zote za Mbuvi, zote, na ule mwisho uwe wa kwanza. Usiache hata neno moja linaloweza kumfikia. La pili, nimeweka humu ndani barua ya kuacha kazi. Mpe Bwana Mkubwa wa kituo akirudi.

Usinibembeleze. Unajua mimi nikikaa kimya siku mbili naumwa kichwa, na kazi nyingine ya kunifaa siioni. Nilipoona kipaza sauti mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto, na bado nafurahi kila asubuhi. Inaniuma, sitaficha. Lakini redio iko na itapata mwingine. Kanini hana mwingine, na mamake anastahili kukaa kwenye kiti chake.

Rafiki yako,
Kitheka.


Thika.
27 Machi 1958

Mburu,

Nimepoa kidogo. Watu wananiuliza sokoni kama magoti ya mwalimu wa kwaya yamepona, na nimeanza kucheka nao, nifanyeje.

Kanini hasemi nami. Ananipimia unga, anapanga vikombe, lakini neno hakuna. Nyumba ya kimya ni ngumu kuliko nilivyodhani. Jana saa saba nilikuwa kwenye kuni kama kawaida nikasikia msomaji wa habari ni mtu mwingine. Anasoma kama anayekula ndizi ya moto. Nilirudi ndani, nikakaa kwenye kiti changu, nikamsikiliza mpaka mwisho bila mtu kunicheka. Na wateja walikuwa wanaongea tu kuhusu mambo yao, hakuna aliyemtazama. Nilidhani nitafurahi.

Basi, nisikilize. Sitaki tena kungoja mpaka mkesha wa Pasaka. Jumamosi hii, kwa kuwa Kitheka yuko safarini na hawezi kumsalimu mtu, niwekee ule mwisho. Nataka kujua Mbuvi alitokaje. Nikishajua, nitakaa na Kanini tuangalie hili jambo upya. Pengine kuna mpango.

Weka tepu tu. Usiruhusu binadamu yeyote aseme kabla yake.

Ndinda.


Ruiru.
31 Machi 1958

Mama Ndinda,

Jumamosi ulikaa ukingoja Mbuvi ukasikia kupe. Najua. Ilikuwa mafunzo ya kuogesha ng'ombe kwa dawa, sehemu ya kwanza hadi ya nne. Yamenaswa juu ya tepu za Mbuvi. Mbuvi hayupo tena.

Barua yako iliingia mlangoni Jumamosi asubuhi. Tepu nilizifuta Ijumaa. Kitheka ndiye aliyeniomba, na badala ya kukueleza nakuwekea barua yake yenyewe humu ndani. Hakujua kwamba utaisoma, na akijua huenda akahamia Tanganyika. Isome kwanza, kisha urudi kwenye hii yangu.

Umesoma? Basi umeona. Wewe ulikuwa kwenye kuni ukidhani amemwacha Mbuvi kwa kiburi au kwa uvivu. Yeye alikuwa studio, amefunga macho kwa sababu yako. Mmekuwa mkikimbiana miezi mitatu, kila mmoja ndani ya kichaka chake, na mimi Mburu nimesimama katikati ya njia nikiwabebea barua.

Nilipozifuta nilizisikiliza zote kwa mara ya mwisho. Hata ule mwisho nimeusikia, na nitakuambia ukweli, ulikuwa mbaya. Alikuwa anachekesha watu kwa kumdhihaki mama ambaye hajamjua. Kuufuta hakuniumiza. Kilichoniumiza ni ile tepu ya chini ya kitanda, pale Mbuvi anaposikia kikohozi. Kitheka anaigiza kikohozi hicho kwa upole mpaka unaona blanketi. Nilisimama na kidole juu ya swichi muda mrefu sana. Mimi nimelipwa mshahara miaka mitatu ili sauti zisipotee, na ile nzuri kuliko zote nimeizamisha mwenyewe ndani ya dawa ya kupe. Sina raha, Mama.

Kwa hivyo ile sauti ya kabla ya mbuzi haiko tena popote. Imebaki ya baada ya mbuzi, na hiyo iko ndani ya Kitheka mwenyewe, naye anaifunga. Barua yake ya kuacha kazi iko kwenye mfuko wa koti langu. Bwana Mkubwa atarudi Jumanne baada ya Pasaka. Mpaka siku hiyo koti silivui, hata jua liwake namna gani.

Mburu.


Thika.
2 Aprili 1958

Kwa Kitheka.

Mwanangu,

Usiiangushe barua hii. Ndiyo, ni mimi, na ndiyo, nimekuandikia wewe. Keti.

Mburu amenitumia maneno uliyomwandikia. Usimpige. Nimeyasoma nikiwa kwenye kuni, kwa kuwa ndiko nimezoea kusomea, na nimeyasoma tena kwa Kanini, naye ameongea kwa mara ya kwanza tangu wiki ile. Alisema, "Si nilikuambia, Mama." Nilimwacha aseme, ana haki.

Mimi nilitaka kukunyamazisha ili nikae kwenye kiti changu. Wewe ulikuwa umeshanyamaza kwa ajili yangu tangu Januari, na hukumwambia mtu. Nimeona aibu, na hii si ile ya nthoni, ni nyingine, mbaya zaidi. Nimewaita wazee jana. Shemeji yangu mkubwa alishangaa akasema haijawahi kuondolewa mapema hivi, watu watasema. Nikamwambia watu wameshaniona chini ya meza, wamebakisha nini cha kusema? Akacheka mpaka akakubali. Njoo Jumamosi hii na mbuzi mmoja na blanketi. Blanketi liwe zito, nyuma kwenye kuni nilipigwa na baridi nyingi kwa ajili yako. Nitakupa chakula kwa mkono wangu, na itakuwa imekwisha.

Kuhusu Mbuvi, usihangaike tena na macho yako ya kufunga. Yule mama hakulala. Mwanamke mwenye nyumba yake anajua nani ameingia, hata gizani, hata mvua inanyesha. Alimsikia mkwe wake akitetemeka chini ya kitanda, akajua kwamba akisema neno atamvunjia heshima mbele ya mkewe na watoto wake. Kwa hivyo alikohoa ili kumjulisha kuwa kumekucha, akageukia ukutani, akajifanya amelala mpaka Mbuvi akatoka polepole. Kisha akaamka, akakuta Mbuvi amesahau mfuko wake wa chumvi, akamtuma mtoto aupeleke nyumbani kwake. Simulia hivyo. Mburu ainase, na aiweke mahali ambapo hakuna ng'ombe atakayeifikia.

Ile barua iliyo kwenye mfuko wa Mburu ichaneni. Siitaki Thika na siitaki Ruiru. Huyo msomaji wa ndizi ya moto mpelekeni kwenye bei za mahindi.

Ukija Jumamosi usipite nyuma. Usikohoe nje ukingoja mtu akutokee. Njoo saa saba mchana, wakati meza zote zimejaa na Barasa amekaa, uingie kwa mlango wa mbele na useme "Hamjambo nyote mlio mezani" kwa sauti ile ile. Nitakuwa nimesimama katikati ya hoteli na birika mkononi, na sitakimbia. Nataka wote wasikie, halafu niwaambie huyu ni wangu.

Mama yako,
Ndinda.